Nyumba Zilizojificha Mlimani

Mwambie mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa ubunifu majengo akutajie jengo endelevu la Kiafrika, hatasita. Atakutajia shule ya Gando, kule Burkina Faso, ambayo Francis Kéré aliijenga na wanakijiji wenzake wakati yeye mwenyewe bado anasoma Berlin, ikakamilika mwaka 2001. Jibu ni sahihi na alama zake nampa. Nikimuuliza habari za Kainam, anadhani ni jina la mtu.

Kainam iko Mbulu, nyumbani kwetu, katika nyanda za Mama Issara ambazo Wairaqw tunazihesabu kuwa ndiko tulikotoka kabla ya kusambaa hadi Karatu, Dongobesh na Haydom. Ni nchi ya miinuko, Juni na Julai baridi yake haina mzaha, na mashamba yamebanana kiasi kwamba hupati kipande kisicho na mwenyewe. Humo ndimo babu zetu walimojenga tembe za kuzama ardhini. Sababu ilikuwa ng'ombe. Katika karne ya 19 morani wa Kimaasai walikuwa wakipanda kuteka mifugo, na mtu asiye na jeshi hubaki na akili yake tu: akaichimbia nyumba ubavuni mwa mlima, paa likalingana na mteremko, majani yakaota juu. Anayepita upande wa juu aliona malisho. Ng'ombe walikuwa chini ya miguu yake, pamoja na wenye ng'ombe.

Wanafunzi wakisikia hadithi hiyo hupenda kuishia hapo, kwenye kujificha. Mimi huwataka waangalie ujenzi wenyewe. Mteremko ulikatwa kama ngazi, ukuta wa nyuma ukawa ni udongo wenyewe ambao haujawahi kusogezwa. Mbele, upande wa bondeni, ndiko ukuta ulikoinuliwa na mlango ukawekwa. Ndani zilisimamishwa nguzo panda za mti mgumu, juu yake mihimili, kisha fito zilizopangwa karibukaribu, majani, na mwisho udongo ulioshindiliwa. Hakuna msumari. Uzito wa paa unashuka kwenye nguzo, wala haugusi ule ukuta wa mbele uliokandikwa, kwa hiyo ukuta ukilowa na kumomonyoka nyumba haianguki, unakandikwa upya. Ng'ombe walilala humo humo, na joto la miili yao lilipanda hadi kwenye dari ya miti walikolala watu. Moshi wa jiko uliganda kwenye mihimili, mchwa wakaikimbia. Udongo ulioizunguka nyumba haujui tofauti kubwa ya saa nane mchana na saa kumi alfajiri. Leo tunakokotoa mambo hayo kwa programu za kompyuta na kuyapa majina marefu.

Mzee mmoja wa kijiji cha Murray aliwakuta vijana wangu wakihangaika na futi kamba kwenye shimo la tembe ya zamani. Akawauliza, "Wajukuu, mnapima nini?" Wakamjibu, "Shikamoo babu, tunapima kina." Akaitikia marahaba, akawapeleka nyuma, juu ya shimo, akawaonyesha kwa fimbo mtaro uliojaa magugu. Maji ya mvua yalitakiwa yakutane na mtaro huo kwanza, yageuzwe pembeni, ndipo uzungumzie nyumba. Kwake yeye mjenzi alianza kwa kukaa msimu mzima wa masika akitazama maji yanapita wapi. Sisi tunaanza na karatasi nyeupe na kahawa.

Nyumba hizo ziliuawa na amani kwanza. Tauni ya ng'ombe, sotoka, ilipofyeka mifugo ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, nguvu ya morani ilivunjika. Wajerumani wakaja, wakajenga boma Mbulu, uvamizi ukakoma. Watu wakashuka kwenye nchi pana wakajenga juu ya ardhi, maana hapakuwa na wa kujifichia. (Mkusanya kodi ya kibanda naye, nadhani, hakuzipenda nyumba asizoweza kuzihesabu akiwa njiani.) Kisha yakaja majengo ya serikali na ya misheni; hospitali ya Haydom, iliyofunguliwa na Wanorwe mwaka 1955, iliwaonyesha watu wengi maisha ya chini ya bati. Pigo la mwisho lilikuwa Operesheni Vijiji. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na miaka iliyofuata watu wa nyanda za chini za Mbulu na Hanang, Wabarabaig wakiwamo na maboma yao ya miiba, walipangwa kwa mistari kandokando ya barabara. Nyumba bora ikawa na maana moja: tofali, bati, madirisha. Tembe ikawa jina la aibu.

Nisiitetee tembe kupita kiasi. Waliolala humo wanakumbuka moshi na macho mekundu. Papasi hupenda sana nyufa za sakafu ya udongo, na homa yao imeua watoto wengi katika nyumba za namna hii nchini. Mbulu ilipata mlipuko wa tauni mwaka 2007, na nyumba inayoweka mahindi na watu pamoja inakaribisha panya. Mama aliyefurahia kuhamia kwenye bati alikuwa na haki ya kufurahi.

Lakini fani yetu ilikuwa wapi wakati huo? Wabunifu wetu wa kwanza walisomea mbali: Anthony Almeida Bombay, Beda Amuli Haifa. Amuli alirudi akatupa Soko la Kariakoo na paa lake la miavuli ya zege, kazi ambayo bado inanifanya nisimame kila nikipita Dar es Salaam. Chuo cha Ardhi kilianza mwaka 1956 kama shule ya wapima ardhi, kikawa Taasisi ya Ardhi 1974, chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam 1996, na chuo kikuu kamili 2007. Utafiti wa vifaa vya bei nafuu ulipewa kitengo chake mwaka 1971, ambacho leo ni Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, unaojulikana kwa yale matofali ya kufungamana. Yote hayo ni mema. Ila kizazi kilichojua kuchimba tembe kilikuwa hai miaka hiyo yote, na studio nyingi zilikuwa zikichora majengo ya vioo.

Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, kilianzisha Rural Studio mwaka 1993 ili wanafunzi wakajenge kwa mikono yao vijijini Alabama. Studio ya namna hiyo Mama Issara waliijua zamani, majirani wakiwa ndio jopo na pombe ndiyo ada.

Tarehe 3 Desemba 2023 mlima Hanang ulimwaga tope na mawe juu ya Katesh na vijiji jirani, makumi ya watu wakafa. Tembe isingemwokoa mtu pale, na anayesema ingemwokoa anacheza na misiba ya watu. Serikali imewajengea waathirika nyumba zaidi ya 100 huko Waret. Ninachodai ni kwamba kila kijana anayeandaliwa kujenga Hanang au Mbulu afundishwe kuusoma mteremko na maji yake kabla hajashika kalamu, na walimu wa somo hilo wapo, wana miaka themanini na zaidi. Karatu kuna tembe iliyojengwa upya watalii waione, wanalipa kiingilio wanapiga picha. Wakuu wa idara za ubunifu majengo, leteni wanafunzi Kainam na Murray masika ijayo, na futi kamba, pimamaji na daftari. Wazee wakiisha, mtabaki na picha za watalii.