Kudhibiti: neno lisilo na siku ya mwisho

Kwenye kliniki za kisukari kuna swali lisilozeeka: "Daktari, dozi hii inaisha lini?" Anayeuliza si mjinga. Miaka yote tumehimizwa tumalize dozi: dawa mseto ya malaria siku 3, kifua kikuu cha kawaida miezi 6, kisha unapimwa na kuambiwa umepona. Kisukari hakina kalenda hiyo. Ndiyo maana wahudumu wa afya hutumia kitenzi kingine: kudhibiti.

Neno hili lina asili ya Kiarabu, nalo ni ndugu wa madhubuti. Mzizi wao mmoja unabeba maana ya kushika barabara. Kwangu linafaa kuliko kuponya, maana kinachodhibitiwa bado kipo. Aliyemshika ng'ombe kamba hajamwondoa shambani. Akiiachia, mahindi yataliwa.

Dawa zenyewe ndivyo zinavyofanya kazi. Metformini, kidonge wanachoanzishiwa wagonjwa wengi wa aina ya pili, hulizuia ini lisimwage sukari nyingi kwenye damu. Ukikiacha, ini hurudia mazoea yake. Kwa aina ya kwanza hali ni nzito zaidi: kongosho haitengenezi tena insulini ya kutosha, hivyo sindano haiui kijidudu chochote, inajaza pengo linalofunguka upya kila siku. Kabla ya Januari 1922, mvulana mmoja, Leonard Thompson, alipochomwa insulini huko Toronto, mtoto mwenye ugonjwa huo hakuwa na maisha marefu.

Sasa mama anapimwa asubuhi, mashine inasoma 6, anashangilia: "Nimepona, mwanangu!" Hapana, mama. Hiyo 6 ni kazi ya vidonge, ya ugali uliopunguzwa na ya kutembea kwa miguu hadi sokoni. Wapo wa aina ya pili waliopunguza uzito sana wakaachishwa dawa, lakini uamuzi huo ni wa daktari na vipimo, na kupimwa kunaendelea.

Jina lililozoeleka mitaani, "dawa ya kushusha sukari", linanitia hofu. Linataja upande mmoja tu. Kudhibiti kuna pande mbili: sukari isipande, wala isishuke kupita kiasi. Aliyechoma insulini akakosa kula huanza kutoka jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa, na asiposaidiwa anaweza kuzimia. Huyo, akiwa bado anaweza kumeza, apewe haraka maji ya sukari, yaleyale aliyokatazwa jana.