Mapaja ya moran hayakuwahi kuleta fujo steji

Juzi kwenye matatu ya Kitengela mabishano yalianza na sketi yakaishia kwa sayansi. Jamaa mmoja alisema mwanaume huvutwa na macho, mwanamke na masikio, kwa hivyo sketi fupi ni uchokozi.

Wasee, si tuko Kajiado? Huku, kabla Kitengela ijue ghorofa, wa kujipamba alikuwa moran: nywele ndefu zimesukwa, mwili umepakwa udongo mwekundu na mafuta, shanga, shuka fupi, mapaja nje. Alitaka nani amtazame, ng'ombe? Wasichana walitazama, na waliyempenda wakamwimbia. Sijawahi kusikia akina mama wamemvamia moran sokoni wamrarulie shuka, ati amewachokoza.

Waliokosa usingizi ni serikali. Ng'ambo tu ya Namanga, Tanzania ya 1967 na 1968 ilifanya kampeni ya kuwavisha wanaume wa Kimaasai suruali. Lakini hoja ilikuwa maendeleo na sura ya taifa. Hakuna aliyesema wanawake wamezidiwa.

Kwa wasichana mambo yalikuwa tofauti. Oktoba 1968, pale Kariakoo, Dar es Salaam, vijana wa kiume waliwashambulia wanawake waliovaa nguo fupi, na kuanzia Januari 1969 Operesheni Vijana ya TANU ikapiga mini marufuku. Sisi nasi, Novemba 2014, mwanamke akavuliwa nguo steji Nairobi mchana. Tarehe 17 watu wakaandamana kutoka Uhuru Park, na kabla mwaka uishe sheria ikabadilishwa: kumvua mtu nguo ni jela, si chini ya miaka 10.

Na sayansi ya yule jamaa? Tofauti ipo, siwezi kudanganya. Uchambuzi wa 2010 ulionyesha kwamba mwanaume akisema amesisimka, mara nyingi mwili wake unakubaliana naye. Kwa wanawake maneno na mwili huachana zaidi. Lakini mwaka 2019 watafiti walijumlisha tafiti 61 za ubongo, watu 1,850, na wakakuta ubongo wa mwanamke na wa mwanaume ukionyeshwa picha za ngono huitikia karibu sawa. Mimi nashuku wengine walifunzwa tu kunyamaza.

Nilitaka kumuuliza kuhusu moran, lakini alikuwa ameshashuka EPZ.