Kasha la Bunduki Nyumbani: Somo la Australia ya Mwaka 1996

Mpenzi msomaji, neno kasha si geni katika Kiswahili. Katika nyumba za mwambao, kasha lilikuwa sanduku imara la mbao lililohifadhi nguo za thamani, vito na hati za familia. Leo tunalitumia neno hilo kwa jambo zito zaidi: kasha la kufungia bunduki nyumbani. Swali letu linaonekana kuwa la dukani tu. Raia mwenye silaha halali na kipato cha kawaida achague kasha gani? Hata hivyo, kwa watu wa Australia swali hilo lilijibiwa na historia, tena historia ya huzuni.

Tarehe 28 Aprili 1996, mtu mmoja mwenye bunduki aliwaua watu 35 huko Port Arthur, katika jimbo la Tasmania. Waziri Mkuu John Howard alikuwa ameingia madarakani mwezi uliotangulia. Zingatia jambo moja la uraia: Katiba ya Australia haiipi serikali ya shirikisho mamlaka ya kutunga moja kwa moja sheria za umiliki wa bunduki; mamlaka hayo yamo mikononi mwa majimbo. Kwa hiyo haikutosha Waziri Mkuu kutoa amri. Ilimlazimu kuwashawishi mawaziri wa majimbo yote, nao walikubaliana tarehe 10 Mei 1996, siku 12 tu baada ya msiba.

Makubaliano hayo yanakumbukwa zaidi kwa mambo mawili. La kwanza ni marufuku dhidi ya aina nyingi za bunduki zinazojipakia risasi zenyewe. La pili ni mpango wa serikali wa kuzinunua silaha hizo kutoka kwa raia, ambapo zaidi ya bunduki 600,000 zilikusanywa na kuharibiwa. Fedha zake zilitokana na nyongeza ndogo ya tozo ya bima ya afya, iliyodumu kwa mwaka mmoja. Lakini lilikuwapo pia jambo la tatu, ambalo wengi hulisahau, nalo ndilo linalotuhusu: masharti ya kuhifadhi silaha zilizobaki.

Kwa bunduki za kawaida, kama zile za mkulima au mwindaji, makubaliano yalitaka ziwekwe ndani ya kasha lenye kufuli madhubuti. Kasha hilo lingeweza kuwa la chuma au la mbao ngumu, mradi lisipenyeke kwa urahisi. Likiwa na uzito wa chini ya kilo 150, lilipaswa kufungwa kwenye kiunzi cha sakafu au cha ukuta. Risasi zilitakiwa kuwekwa mahali pengine penye kufuli, mbali na bunduki. Kwa bastola na silaha zenye hatari zaidi, mbao hazikuruhusiwa: kasha la chuma, lililokazwa kwenye jengo, lilikuwa sharti.

Tazama hekima iliyomo katika masharti hayo. Hayakumtaka mkulima anunue kasha la benki. Yalitambua kwamba sheria ambayo watu wa kipato kidogo hawawezi kuigharamia huishia kuvunjwa kwa siri. Ndiyo maana mbao ngumu zilikubaliwa, na ndiyo maana uzito ulipewa njia mbadala. Kasha zito hujilinda kwa uzito wake, ilhali kasha jepesi hulindwa na bolti zake. Mwizi asiye na muda wa kuvunja kufuli hubeba sanduku zima na kulifungua kwingine; bolti nne zilizoshika vizuri humnyima nafasi hiyo kwa gharama ndogo.

Hapo tunapata kanuni ya kwanza ya mnunuzi mwenye fedha chache: anunue unene wa chuma, ubora wa kufuli na uimara wa bolti, kisha mengine yafuate. Rangi ya kung'aa, mpini wa kupendeza na taa za ndani huongeza bei bila kuongeza ulinzi. Kanuni ya pili ni kutodanganyika na sifa za kufuli. Mjini London, kampuni ya Bramah iliweka kufuli lake dirishani kwa miongo mingi, ikiahidi zawadi kwa yeyote atakayelifungua bila ufunguo. Mwaka 1851 Mmarekani A. C. Hobbs alilifungua, baada ya kazi ya saa zaidi ya 50. Kufuli hununua muda. Halinunui usalama wa milele. Kanuni ya tatu haigharimu hata senti: ufunguo usifichwe mahali ambapo mtoto wa nyumba anapafahamu. Kasha la bei kubwa lenye ufunguo juu ya mlango ni sawa na kasha lililo wazi.

Je, kila taifa linakubaliana na somo hili? La hasha. Mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sheria ya mji wa Washington iliyotaka bunduki ya nyumbani iwe haina risasi na imefunguliwa vipande au imefungwa kufuli kwenye kifyatulio. Hoja ilikuwa kwamba raia angeshindwa kujilinda ghafla. Hata hivyo, mahakama hiyo ilieleza kwamba uamuzi wake haukukusudia kubatilisha sheria za uhifadhi zinazolenga kuzuia ajali. Nchini Australia, kwa upande wake, kujilinda hakukubaliwi kuwa sababu halali ya kumiliki bunduki. Basi mzozo huo haukupata nguvu ile ile.

Na kwetu je? Tarehe 21 Aprili 2004, nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, zikiwamo Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, zilitia saini Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo ndogo. Pamoja na mengine, zilikubaliana kuweka masharti ya kuhifadhi silaha za raia. Sababu yake ni dhahiri: bunduki iliyoibwa nyumbani haikai nyumbani. Iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwema mjini yaweza kesho kuteka abiria barabarani, au kuvuka mpaka usiolindwa.

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, umiliki wa silaha si haki au kibali tu; ni amana. Serikali hutoa leseni kwa mtu mmoja, lakini hatari humgusa mwanawe, jirani yake na msafiri asiyemjua. Kasha la bei nafuu, lililokazwa vyema ukutani, ni namna ya raia kuwaambia hao wote kwamba amewafikiria.

Maswali ya kujadili darasani:
1. Kwa nini Waziri Mkuu wa Australia alihitaji ridhaa ya majimbo?
2. Eleza uhusiano kati ya uzito wa kasha na bolti.
3. Je, sheria inayozingatia kipato cha raia hutiiwa zaidi? Toa hoja zako.