Kinetiki ya mtengano wa majani na mabaki ya mazao kwa joto

Kinetiki ya mtengano kwa joto ni tawi la sayansi linalopima kasi ambayo fueli, hapa ile itokanayo na mimea, huvunjika inapopashwa moto. Katika bonde la Kilombero nchini Tanzania, kuanzia Kidatu kupitia Kisawasawa hadi Ifakara, fueli hiyo imejaa: pumba za mpunga karibu na mashine za kukoboa, na makapi ya miwa ambayo viwanda vya sukari vya Kidatu huyachoma kupata mvuke na umeme.

Ili kupima kasi hiyo, mtafiti huweka miligramu chache za sampuli kwenye mizani nyeti ndani ya tanuri, hupandisha joto taratibu, na kuandika uzito unavyopungua. Kwanza hutoka maji, karibu nyuzi 100 za Selsiasi. Hemiselulosi huvunjika kati ya nyuzi 220 na 315, selulosi kati ya 315 na 400. Lignini huvunjika polepole mno, hadi kupita nyuzi 800. Kutokana na grafu ya upungufu huo wa uzito hukokotolewa nishati amilishi, yaani kizingiti ambacho molekuli lazima zivuke, kwa kanuni aliyoieleza Svante Arrhenius wa Sweden mwaka 1889.

Mtafiti Lugano Wilson na wenzake, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha mwaka 2011 uchunguzi wa aina hii juu ya mabaki ya mazao, yakiwemo makapi ya miwa na maganda ya kahawa. Kazi hiyo inastahili kujulikana zaidi, kwani tanuri la kuchomea mabaki linalosanifiwa bila vipimo hivi huweza kupoteza joto. Pumba za mpunga zina ugumu wake: majivu yake ni mengi, na sehemu kubwa ni silika.