Metali kali: neno "kali" kwenye karatasi ya kura

Metali kali ni jina la jumla la koo za muziki zilizochipuka ndani ya muziki wa metali katika miaka ya 1980, zikavuka kila mpaka uliokuwepo wa kasi ya dramu, ukwaruzo wa gitaa, sauti ya mwimbaji na hata urefu wa wimbo. Kwa Kiingereza huitwa extreme metal. Ndani yake mna thrashi, metali ya mauti, metali nyeusi, grindikoo, na metali ya kiama iendayo taratibu kama watu waliobeba jeneza. Baadhi ya majina hayo yalitoka kwenye kazi zenyewe. Venom, bendi ya Newcastle nchini Uingereza, iliita albamu yake ya 1982 Black Metal. Possessed wa California wakaweka wimbo uitwao Death Metal katika albamu yao ya 1985, Seven Churches.

Neno "metali" lina mwenyewe tayari. Mwanafunzi wa kemia analijua, na akisikia "metali nzito" atafikiria zebaki na risasi kabla ya gitaa. Hata hivyo "chuma" hakifai kushika nafasi yake, kwa kuwa chuma ni metali moja tu kati ya nyingi. Inatosha kutanguliza "muziki wa" pale neno linapotajwa mara ya kwanza. "Nzito" haina shida yoyote, maana Kiswahili kimezoea kusema sauti nzito.

Kazi kubwa ni kupata neno la ule uvukaji wa mipaka. "Kupindukia" ndiyo tafsiri iliyo karibu zaidi na wazo lenyewe. Napalm Death ya Birmingham ina wimbo katika albamu ya Scum, ya 1987, unaomalizika kwa sekunde moja na ushei. Huko ni kupindukia kwa ufupi, kama metali ya kiama inavyopindukia kwa upole wa mwendo. Lakini "metali ya kupindukia" ni jina refu, nalo lina harufu ya lawama, kwa sababu mtu husemwa amepindukia anapokosa kiasi. "Kali" ni fupi na inaingia mwilini. Jua ni kali, pilipili ni kali, kisu ni kikali, mbwa ni mkali, na sauti inayotoboa masikio nayo ni kali. Kwa hiyo "metali kali" inafaa kuwa jina, na "kupindukia" ibaki kuwa maelezo yake.

Chaguo hilo lina gharama moja, na gharama hiyo hujitokeza pale wapenzi wa muziki huu wanapolinganisha albamu na kupigia kura waipendayo. Mtaani "kali" ni sifa ya ubora. Ngoma kali ni ngoma nzuri, na msanii mkali ni bingwa wa fani yake. Karatasi ikiuliza "albamu ipi ni kali zaidi?", mpiga kura mmoja atataja ile inayoumiza masikio na mwingine ile aipendayo kuliko zote. Kura zao zitawekwa fungu moja ilhali kila mmoja amejibu swali lake.

Albamu tatu zinaonyesha umbali uliopo kati ya maswali hayo mawili. Altars of Madness ya Morbid Angel, bendi ya Florida, ilitoka 1989. Ukali wake umo katika kasi ya dramu za Pete Sandoval na katika gitaa zinazopindapinda bila kupoteza njia. Left Hand Path ya Entombed, ya 1990, ilirekodiwa Sunlight Studio, Stockholm. Ukali wake ni wa mlio: kanyagio la gitaa la Boss HM-2, vitufe vyote vimezungushwa hadi mwisho, na gitaa likawa linanguruma kama msumeno wa mashine ndani ya gogo bichi. A Blaze in the Northern Sky ya Darkthrone, ya 1992, ni habari nyingine. Wanorwei hao walikuwa wamerekodi albamu yao ya kwanza, ya metali ya mauti, katika studio ileile ya Stockholm. Kisha wakaipa kisogo sauti hiyo nene na kuchagua mlio mwembamba, mkavu, wenye baridi. Kwao ukali ulikuwa kupunguza. Hakuna kipimo kimoja kinachoweza kuzipanga tatu hizi kwa ukali. Kwa kupendwa, zinapangika.

Namna ya kuhesabu nayo ina uzito wake. Tuseme wapiga kura ni tisa. Wanne wanaipenda Blaze kwanza, kisha Left Hand Path, kisha Altars. Watatu wanaanza na Altars, kisha Left Hand Path, kisha Blaze. Wawili wanaanza na Left Hand Path, kisha Altars, kisha Blaze. Zikihesabiwa chaguo za kwanza peke yake, Blaze inashinda kwa kura 4 dhidi ya 3 na 2. Lakini wapiga kura watano kati ya tisa wameiweka mwisho. Kilichotokea ni kwamba albamu mbili za ukoo mmoja, metali ya mauti, zimegawana wapenzi wao.

Mfaransa Condorcet alieleza mwaka 1785 njia ya kupambanisha washindani wawili wawili. Kwa njia hiyo Left Hand Path inaishinda Blaze kwa 5 dhidi ya 4, na Altars kwa 6 dhidi ya 3. Albamu yenye chaguo za kwanza chache kuliko zote ndiyo inayokubalika na wengi. Kwa jina linalokusanya koo nyingi kama metali kali, karatasi inayomtaka mpiga kura apange chaguo zake inatenda haki kuliko inayodai jina moja.

Linabaki suala la nani aingie kwenye orodha. Duma, wasanii wawili wa Nairobi, walitoa mwaka 2020 albamu yenye jina lao kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Jina hilo ni la Kikuyu na maana yake ni giza, ingawa msomaji wa Kiswahili humwona kwanza mnyama mwenye mbio. Mayowe yao ni ya metali kali. Midundo mingi ni ya mashine. Anayeshika "metali" kwa maana ya ala ataiacha nje. Anayeshika "kali" kwa maana ya kupindukia ataiingiza, na hoja yake ndiyo yenye nguvu, kwa kuwa koo zote za muziki huu zilianza kwa kuvuka mpaka wa waliotangulia. Karatasi ya kura itaje kigezo hicho juu kabisa, na chini yake iulize "albamu uipendayo", si "albamu kali".