Sare za Vita Katika Nchi ya Mara: Zilizo Halisi na Zilizoigizwa

Tangazo la Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) la Agosti 2023, lililowapa raia siku 7 kusalimisha sare za kijeshi na mavazi yanayofanana nazo, lililenga usalama wa leo, na kwa lengo hilo hakuna wa kulibishia. Hata hivyo, liliweka katika kapu moja vitu ambavyo mwanahistoria hawezi kuvichanganya: sare ya askari aliye kazini, suruali ya mitumba yenye mabaka iliyoshonwa kwa ajili ya fasheni, na koti kuukuu la babu aliyepigana vita ambavyo leo wachache mno wanaweza kuvisimulia. Kwa Mugeta na vijiji vya jirani, katika Mkoa wa Mara uliotoa askari kizazi baada ya kizazi, tofauti hiyo si jambo dogo.

Hatua kuu zinafahamika. Kikosi cha King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza lenye askari Waafrika, kiliundwa mwaka 1902. Batalioni yake ya 6 ikageuzwa Tanganyika Rifles mwaka 1961, na baada ya maasi ya Januari 1964 likaanzishwa JWTZ tarehe 1 Septemba mwaka huohuo. Jenerali David Musuguri, mzaliwa wa Butiama aliyefariki Oktoba 2024, aliingia KAR mwaka 1942, akapelekwa Madagaska, na baadaye akaongoza Divisheni ya 20 katika vita vya Kagera. Maisha ya mtu mmoja yalipita katika sare za majeshi yote hayo.

Lakini sura inayofundisha zaidi kuhusu mavazi ni ya mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mashariki mwa Mugeta, kwenye boma la Wajerumani la Ikoma. Safu ya askari wa Kijerumani iliyojitenga na jeshi kuu, na ambayo kamanda wake wa kwanza, Wintgens, aliugua akajisalimisha kwa Wabelgiji, ilifika hapo chini ya Heinrich Naumann, na mwishoni mwa Juni ikakishinda kikosi cha Wabelgiji kilichotaka kuitoa, kabla ya kuelekea Kondoa ambako hatimaye ilisalimu amri. Kwa hiyo nchi hiyo moja ilikanyagwa na askari wa Ujerumani, askari wa Kongo waliokuwa chini ya Ubelgiji, na askari wa Uingereza waliowasaka. Tena bahari ilikuwa imefungwa na manowari za Waingereza, hivyo koloni la Wajerumani lililazimika kufuma pamba yake na kuitia rangi ya kaki kwa mimea. Na Novemba 1917, baada ya pigano la Ngomano, jeshi lao kuu lilijivika nguo na kujitwalia bunduki za Wareno liliowashinda. Mwaka huohuo Waingereza waliiunda upya batalioni ya 6 ya KAR kwa kuwaandikisha askari waliokuwa wa Wajerumani, kiasi kwamba mtu yuleyule alibadilisha sare bila kubadilisha vita.

Maana yake ni kwamba anayekagua vazi la vita hivyo kwa kulilinganisha na picha ya kanuni rasmi, yaani tarbushi yenye kifuniko cha kaki na tai wa chuma mbele, ataliita bandia vazi lililo la kweli kabisa, huku nakala iliyoshonwa juzi ikifaulu mtihani wake kwa sababu haina kasoro hata moja. Kasoro ndiyo inayopaswa kuchunguzwa: kiraka cha kitambaa kingine, kifungo kisichofanana na vingine, rangi iliyofifia mabegani na kubaki chini ya mfuko. Hata viatu hutoa ushahidi, kwani kwa miaka mingi askari wa KAR walitembea peku au kwa sandali.

Kwa nguo za Vita Kuu ya Pili, mchunguzi hutafuta mhuri wa mshale mpana, alama ya mali ya serikali ya Uingereza, ambao ukizungukwa na herufi U huonyesha kuwa kitu kilitengenezwa Afrika Kusini. Mhuri, hata hivyo, hughushiwa kirahisi kuliko uzi. Polista haikuuzwa sokoni kabla ya vita kwisha, kwa hiyo mshono wa asili ukiwa wa polista kwenye shati linalodaiwa kuwa la Burma ya mwaka 1944, hoja imekwisha. Mshono wa kiraka ni jambo jingine, kwa kuwa mke au fundi wa kijijini angeweza kuushona mwaka 1970. Taa ya urujuanimno, yaani mwanga usioonekana kwa macho, hufanya kitambaa chenye kemikali za kung'arisha kiwake rangi ya buluu, dalili ya kitambaa cha kisasa, lakini nguo ya kweli iliyofuliwa kwa sabuni ya unga ya siku hizi nayo huwaka, na wafanyabiashara wengi wa mavazi ya kale hunyamaza kuhusu hilo.

Ushahidi usioghushiwa kirahisi ni historia ya mmiliki: namba ya askari iliyoandikwa kwenye pindo ikilingana na cheti chake cha kuachishwa jeshi. Familia inayoogopa sheria huchoma vyote viwili. Butiama ina makumbusho ya Mwalimu Nyerere tangu mwaka 1999, na lingekuwa jambo jepesi kwa jeshi kuiruhusu ipokee mavazi ya kabla ya mwaka 1964, pamoja na yale ya Kagera ambayo wenyewe bado wapo wa kuyaelezea.