Kombaini ya Mkoa na Mjadala wa Kiungo Mkabaji Ufipa

Kombaini ni timu ya wachezaji bora waliochaguliwa kutoka klabu au shule mbalimbali ili wawakilishe eneo moja. Afrika Mashariki, utaratibu huu ni mkongwe kuliko ligi za taifa. Kombe la Gossage, lililopewa jina la mtengenezaji sabuni William Gossage, lilianza mwaka 1926 kwa kuzikutanisha Kenya na Uganda. Tanganyika ilijiunga mwaka 1945. Ligi ya taifa ya Tanzania ilianza mwaka 1965. Kwa miaka mingi, basi, mchezaji alijulikana nje ya mji wake kwa kuitwa kombaini.

Mkoa wa Rukwa uliundwa mwaka 1974 kwa kumega sehemu za mikoa ya Mbeya na Tabora, makao makuu yakawa Sumbawanga. Kila mkoa ukiwa na chama chake cha soka, kila mkoa ulikuwa na kombaini yake ya kupeleka Kombe la Taifa, mashindano ambayo baadaye yalidhaminiwa na bia ya Kilimanjaro na kuitwa Kili Taifa Cup. Mashuleni, ngazi zilikuwa zile zile: katika mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, mchezaji huchujwa kuanzia shule, hupanda hadi wilaya, kisha mkoa.

Ugumu wa kuteua wachezaji Ufipa, uwanda wa Mkoa wa Rukwa ulio na mji wa Sumbawanga, ulianzia kwenye ardhi yenyewe. Sumbawanga iko juu ya uwanda huo, kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi. Upande wa mashariki, milima ya Lyamba lya Mfipa inashuka ghafla hadi bonde la Ziwa Rukwa. Upande wa magharibi, Kirando, Kipili na Kasanga ziko chini, mwambaoni mwa Ziwa Tanganyika. Masika yalipokata barabara za vumbi, kijana wa bondeni hakufika kwenye majaribio mjini, wala mteuzi hakumfuata kwao. Aliye karibu na uwanja wa mjini alionekana mara nyingi zaidi, na mjadala wa nani anastahili ukageuka kuwa mjadala wa nani ameonekana.

Aliyeumia zaidi kwa hali hiyo ni kiungo mkabaji, yule wa namba sita. Mshambuliaji hutanguliwa na habari za mabao yake, na kipa husifiwa kwa penalti aliyodaka. Namba sita kazi yake ni kuziba njia, kupokonya mipira na kumfunika beki anayepanda. Akijipanga vizuri, hatari haitokei, na kisichotokea hakina wa kukisimulia. Sifa yake humfikia tu mteuzi aliyekaa uwanjani dakika zote 90. Ndiyo maana hoja kuhusu nafasi hii hujirudia: achaguliwe mwenye nguvu za kukaba, au mwenye pasi ya kuanzisha mashambulizi? Achukuliwe hodari wa timu dhaifu, aliyezoea kushambuliwa muda wote, au wa timu bingwa anayelindwa na wenzake?

Mwaka 2012 Mpanda ilitengwa na kuwa sehemu ya Mkoa wa Katavi, na Rukwa ikabaki na eneo dogo la kuchagua wachezaji. Katika muongo huo huo, lami kutoka Tunduma ilirahisisha safari ya Sumbawanga, na matangazo ya Azam TV yakaiweka Ligi Kuu mbele ya macho ya wengi. Klabu ya Ligi Kuu ya Tanzania Prisons ilipoutumia Uwanja wa Nelson Mandela mjini Sumbawanga kwa mechi za nyumbani, wapenzi wa soka wa Ufipa walipata kipimo cha karibu: Oktoba 2020 Prisons iliifunga Simba bao 1-0 hapo hapo.

Siku hizi picha za video na hesabu za mipira iliyopokonywa humsaidia mteuzi wa Ligi Kuu. Kwa kombaini ya wilaya au ya shule, ambako mechi nyingi hazirekodiwi, njia ya haki imebaki kumpa mchezaji mechi kadhaa za majaribio, dhidi ya wapinzani wa viwango tofauti, mbele ya wateuzi zaidi ya mmoja.